Kinachokuja Baada ya Nzuri

Wenzangu wa kundi letu la simu, wanaosoma vihadithi vyangu jioni, huniuliza navitoa wapi haraka namna ile. Mimi niliishia kidato cha pili, sina cha kumfundisha mtu. Ila nina kibaraza. Ni cha shangazi yangu, hapa Bariadi, aliyenilea na kunifundisha cherehani, na pale kila mteja husalimiwa mpaka mwisho: nyumbani, watoto, mvua, ng'ombe. Kwetu huwezi kumpokea mtu suruali kabla hujajua ng'ombe wake wameamkaje.

Na kila mtu hujibu "nzuri". Hata aliyefiwa huanza na nzuri. Halafu ukinyamaza kidogo, usimharakishe, ndipo hutoka la moyoni. Mzee mmoja wa Mwamapalala alituletea koti, nikamuuliza ng'ombe.

"Wazima," akasema. Nikanyamaza. "Ila yule mwekundu tuliyemnunua, ikifika jioni anawaacha wenzake, anarudi kwa aliyetuuzia. Juzi nimemkuta nje ya zizi lao, kasimama tu kama mgeni anayeona aibu kubisha hodi."

Kabla sijamaliza kwapa la koti, hadithi ilikuwa imeshakaa kichwani. Ndiyo njia yangu yote. Hata mtu wa kubuni namsalimia kimoyomoyo, namuuliza za nyumbani, nasubiri.

Shangazi peke yake hakuwa na la ziada. Alifiwa na mume mimi ningali mdogo, na tangu hapo "nzuri" yake ilikuwa nzuri tu, imefungwa kama gunia la pamba.

Sasa kulikuwa na baba mmoja muuza samaki, naye kafiwa na mkewe, aliyekuja kila siku ya mnada na pikipiki kutoka Lamadi, tenga la sato nyuma. Hakukosa nguo ya kushonesha, na salamu aliianza kwa Kisukuma, akimwita shangazi mama.

"Mwadila, mayu. Habari za hapa?"

"Nzuri, baba."

"Mtoto?"

"Si huyo unamwona? Mzima."

"Cherehani?"

"Nzima."

"Na kuku?"

"Wazima, baba. Jogoo naye mzima. Lete suruali."

Mimi nilikuwa naingiza uso kwenye kitambaa nisicheke.

Mnada mmoja alikuja hana utani. Akakabidhi suruali, akasema, "Hii nitaipitia kesho asubuhi, mayu. Baada ya hapo sijui. Nimepata mteja Mwanza, anataka mzigo wote. Huku sitakuwa napita tena."

"Haya," shangazi akasema. "Mwanza ni kuzuri."

Akaendelea kukanyaga cherehani kwa kasi. Sindano haikuwa na uzi.

Mchana ule kichwa changu kilifanya kazi yake, hakikuomba ruhusa. Hadithi ya kwanza ilikuja mbio: shangazi anaolewa Lamadi, mimi nabaki na cherehani, napika ugali wa mtu mmoja. Nilikaribia kulia juu ya pasi. Nimejifunza hivi kuhusu sisi tunaotunga: wazo linalotangulia mara nyingi ni hofu yetu wenyewe, imeazima nguo za mtu mwingine. Ya pili ilisema yule baba ni tapeli, ana mke kila mwalo anakonunua samaki. Hiyo haikuwa yangu hata kidogo, ni ya majirani, imeshasemwa mpaka imechakaa. Nikaziacha zote mbili nikachukua suruali nianze kazi.

Hapo ndipo nikaona. Suruali ikichanika, kitambaa huvutika, nyuzi zikasimama kama nywele za mtu aliyeamka. Hii ilikuwa imekatwa mshono mmoja mmoja, safi.

"Shangazi, hii haikuchanika."

"Najua."

"Imefumuliwa kwa wembe!"

"Na ya mnada uliopita. Na lile shati. We mtoto, nimeanza kushona mama yako hajaolewa, nishindwe kujua mshono uliofumuliwa?"

"Sasa mbona humwambii kitu?"

"Nimwambie nini? Mtu kaleta suruali, kapewa suruali." Akakunja kitambaa, akakikunjua. Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia, "Na wewe ubaki na nani?"

Nikaiweka suruali chini. Nikaenda kukaa karibu yake kwenye mkeka.

"Lamadi si ng'ambo, shangazi," nikasema. "Nitakuwa nakuja kula sato bure mpaka unifukuze."

"Mlafi wewe," akasema, akanishika kichwa, akauacha mkono pale.

Asubuhi yule baba alifika. Akasalimia: hapa, mtoto, cherehani. Ndipo nilipolielewa kosa lake la siku zote. Alikuwa akiruka kutoka nzuri hadi nzuri kama mtu anayevuka mto kwa mawe, haachi nafasi ya mtu kupumua. Lakini siku hiyo hakuwafikia kuku. Maneno yalimwishia. Akasimama, kofia ya pikipiki mkononi, kimya.

Shangazi akamkabidhi suruali. Hakuiachia.

"Ila baba," akasema, "mimi nimechoka kushona nguo nzima. Ukitaka kuja, njoo tu."

Yule baba akaitazama suruali, akanitazama mimi. "Ni huyu kanichongea?"

"Wembe wako ndio umekuchongea."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, kama Jumapili tutakuwepo. Shangazi akasema tutakuwepo, na kwamba Mwanza haihami, inaweza kumsubiri mtu ajue anakoishi kwanza.

Jumapili ikatukuta vibaya. Shangazi, aliyewavika nusu ya mtaa, hakuwa na gauni lake hata moja la kukaa mbele ya mgeni. Alikata kitenge Jumamosi, na pikipiki ilipozima nje, pindo lilikuwa halijashonwa. Nikapiga magoti chumbani, nashona kwa mkono huku mwenyewe kalivaa.

"Kaja na nani?" akanong'ona.

"Na dada yake. Wamekaa kwenye benchi."

"Dada yake! Mungu wangu. Pindo limenyooka?"

"Usitetemeke, shangazi, nitakuchoma."

"Nichome," akasema. "Shona."