Pepo Alipoulizwa Ametoka Wapi

Mapepo yote ya Kitengela yalitoka baharini. Usicheke. Tuliishi Noonkopir, mtaa wa hapo Kitengela, tukinunua maji kwa mkokoteni wa punda, na wengi kanisani kwetu hawakuwa wameiona bahari hata siku moja. Lakini kila Jumapili mtu akianguka, pastor alimshika kichwa na kuuliza, "Jina lako nani? Umetoka wapi?" Sauti nzito ikajibu, "Baharini!" Basi kanisa lote likapiga kelele: "Toka! Choma!" Mimi nilikuwa nikitikisa mguu chini ya kiti cha plastiki, nikitamani kwenda nje. Upepo nao ulikuwa unagongagonga mabati bila kuchoka.

Nilimuuliza mama kwa nini baharini tu. Yeye alikuwa kwenye timu ya maombi, kazi yake kuwafunika leso wanawake walioanguka. "Wacha maswali mengi," alisema. Mama mwenye ploti tuliyopanga, Mmaasai, alinicheka. Kwao zamani, alisema, waliogopa laana na jicho baya. Mapepo haya ya kugaragaza watu chini yalikuja na sisi wageni. Naye nyanya yangu, kule kwetu magharibi, aliwahi kuniambia kwamba enzi zao pepo hakufukuzwa mbio namna hii. Walipiga ngoma, wakamuuliza anataka nini, wakakaa wakamsikiza. Wakati mwingine alitaka kuku tu.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, dada yangu mkubwa alirudi nyumbani na mfuko mmoja. Alikuwa ameolewa Illasit, kule mpakani, na mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mpole wa maneno, hakuna siku alikuja kwetu mikono mitupu. Jioni hiyo jikoni dada alisema, "Mama, huyo mtu ananichapa." Nilikuwepo. Baba aliita kutoka sebuleni kwamba hakuna nyumba isiyo na kelele. Mama akasema, "Pakua ugali, baba yako ana njaa." Dada akapakua.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja kumchukua. Pickup yake iliponguruma tu pale getini, dada alianguka, mwili ukakauka kama ubao, meno yameumana. Mama akapiga mayowe. Ni pepo, wakasema wote, na wakapanga: Jumapili aombewe, na ibada ikiisha aondoke na bwanake moja kwa moja. Mfuko wake uliwekwa kwenye pickup kabla hata hatujaenda kanisani. Nilikuwa na hasira mpaka nikashindwa kunywa chai.

Pastor alimshika kichwa. Dada hakuanguka.

"Jina lako nani?"

Akataja jina lake mwenyewe, lile la ubatizo.

"Umetoka wapi?"

"Illasit."

Watu walikuwa wamejiandaa kwa bahari. Kijana wa kinanda aliacha kupiga. Pastor alipangusa jasho, akamuuliza pepo aliingia lini.

"Siku huyo mtu alinichapa na mshipi wa gari nikiwa na mimba," dada alisema, kwa sauti yake ya kila siku. "Mimba ikatoka. Nyinyi mkaambiwa niliteleza kisimani."

"Nyamaza!" pastor akafoka. "Shetani ni mwongo!"

"Mwongo! Toka!" kanisa likaitikia, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa shemeji yangu, amesimama, mikono juu. Jamani! Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Sikujua niende wapi na mwili wangu.

Ndipo mama akaja mbele na ile leso mkononi. Hakumfunika dada miguu. Alimfunga mabegani.

"Pastor," alisema, "ni wewe umemuuliza. Sasa wacha amalize."

Na dada akamaliza. Alisema yote, polepole, shemeji akiwa bado amesimama lakini mikono imeshuka. Kisha mama akamshika mkono wakatoka nje. Baba ndiye aliyeushusha mfuko kutoka kwa pickup na kuubeba mpaka nyumbani. Illasit dada hakurudi tena.

Kanisani walitoa ushuhuda kwamba pepo sugu lilitolewa siku hiyo, na mama aliitikia amina. Mimi nilibaki na swali, na swali likinishika huwa silali. Miaka mingi baadaye, dada akiwa na cherehani yake Kajiado mjini, anashona yunifomu za shule, nilimuuliza waziwazi: yule aliyeongea siku ile alikuwa yeye, au kweli kulikuwa na kitu ndani yake?

Hakusimamisha cherehani.

"Mimi niliwaambia jikoni," alisema. "Mkaniambia nipakue ugali."