Waya Kwenye Miti ya Ngollo

Hilari Mahona aliandikwa kazi ya fundi wa nyaya za simu ya reli mjini Tabora tarehe 2 Januari 1929. Hakuwa amewahi kugusa waya, lakini miti aliizoea. Baba yake alikuwa mrina asali huko Ipole, na Hilari alijifunza kupanda kwa kamba ya gome kabla hajajifunza kusoma. Msimamizi aliyemwajiri alitaka mtu asiyeogopa urefu. Mengine alifundishwa kazini.

Sasa anakaa Tura, mashariki ya Tabora, na mkewe Koleta. Magharibi ya stesheni kuna mbuga ambayo wapagazi wa misafara waliizunguka kila masika. Reli inaikata katikati, juu ya tuta. Mwezi uliopita mbuga ilijaa maji. Tuta lilihimili, lakini nguzo za simu zililala kwenye tope pamoja na waya wake.

Wakati huo treni ya abiria kutoka pwani ilikuwa imesimama Tura, na nyuma yake, upande wa mashariki, tuta jingine lilikuwa limebomoka na reli kukatika. Mbele njia ilipitika, ila hapa reli ni moja, na treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ijibu kwa simu kwamba njia iko wazi. Treni za mawe ya kujengea tuta hilo zilitarajiwa kutoka Tabora saa yoyote. Kumtuma mtu kwa miguu kusingefaa, maana habari yake ingekuwa imepitwa na wakati kabla hajafika. Abiria walimaliza unga wa maduka ya Tura, wakaanza kununua mihogo mashambani. Kwenye behewa la nyuma kulikuwa na watoto wanaoharisha.

Hilari hakungoja nguzo. Pembeni mwa mbuga, kwenye ardhi ya juu, kuna msitu. Aliuzungusha waya huko kutoka mti hadi mti. Vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya kwenye nguzo vilikuwa vimevunjika, kwa hiyo aliomba chupa tupu kwa abiria, akazikata shingo na kuzifunga kwenye matawi ili waya usiguse mti uliolowa na kupoteza umeme. Jioni karani wa simu, Sylvester, aligonga mashine yake ya telegrafu na stesheni ya mbele ikajibu. Wakakubaliana treni iondoke asubuhi, baada ya treni ya mawe kupita na stesheni ya mbele kuthibitisha tena.

Asubuhi mashine ilikuwa kimya.

Hilari aliufuata waya mpaka msituni. Haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa kwa uangalifu, ukaviringwa vizuri na kutundikwa kwenye kisiki. Chini ya mti alikaa mzee akisokota kamba. Alikuwa Ngollo, mrina asali wa kijiji cha jirani. Juu yake palikuwa na mzinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu waya ni wako?"

"Wa reli."

"Reli haipandi miti. Nimeona nyayo za mtu."

Hilari alikiri kwamba ndiye aliyeupanda mti. Alisema aliuona mzinga, akadhani ni mtupu, kwa sababu hakuona nyuki akiingia wala kutoka.

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha."

"Na baba yako ni nani?"

"Mahona, mrina wa Ipole."

Ngollo aliacha kusokota. "Angekuwa mtoto wa karani ningenyamaza. Mtoto wa mrina anatafuta nyuki kwenye mvua!"

Kosa hilo Hilari hulieleza mwenyewe bila kulipamba. Nyuki hawatoki wakati wa mvua, na mti wenye mzinga haupandwi bila neno la mwenye mzinga. Anayeupanda huhesabiwa mwizi wa asali, hata akishuka mikono mitupu. Yote mawili aliyajua tangu utotoni. Siku ile alikuwa akiwaza abiria.

Hakuitaja reli tena wala hakutishia kuita askari. Aliketi chini akaomba radhi, kisha akaeleza habari za watoto wa behewa la nyuma. Ngollo alisikiliza mpaka mwisho.

"Huu waya unalia," alisema. "Upepo ukivuma unalia usiku kucha. Nyuki wangu watahama."

"Basi nionyeshe miti ambayo huna shida nayo."

"Nikuonyeshe, halafu upande tena kama ngedere? Nitapanda mwenyewe. Wewe nipe hizo chupa zako, na useme zikae wapi."

Wakafanya hivyo. Ngollo aliikwepa miti yenye nyuki, akachagua mingine, mmojawapo ukiwa wa shemeji yake, ambaye kwanza alitumiwa salamu za kuomba ruhusa. Hilari alibaki chini akivuta waya na kuelekeza. Mara mbili alimwambia mzee kwamba waya umegusa jani, na mara mbili mzee alimjibu kwamba ameuona. Mchana Sylvester aligonga tena. Jibu lilipokuja kwamba njia iko wazi, alitoka nje kumwambia dereva, na treni ikavuka mbuga polepole, abiria wakiwa madirishani.

Nguzo mpya za chuma zimepakiwa Dar es Salaam na tuta la mashariki likikamilika zitafika. Mpaka hapo waya unapita kwenye miti. Kila asubuhi Hilari anaukagua kwa miguu, na panapohitaji kupandwa anapita kwanza nyumbani kwa Ngollo.