Ninakukosa, Asali

"Anidanganye mimi mtu wa kwenye simu? Huyo hajazaliwa, na mama yake bado yuko shule!"

Shangazi aliyasema hayo kwenye kikao cha wazazi, kipaza sauti mkononi, wakati mkuu wa shule alikuwa ameomba maoni kuhusu vyoo. Watu walipiga makofi. Na kweli, hakuna aliyemdanganya. Walimwibia uso tu.

Shangazi ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, maana akiona suruali inaburuzwa chini hana raha mpaka aipunguze. Mwaka jana nilimfungulia ukurasa wa biashara mtandaoni, nikampiga picha kapendeza, tepu ya kupimia shingoni. Picha ilipendwa sana. Ilipendwa hadi na wezi.

Tulijua siku alipoitwa polisi, kitengo cha makosa ya mtandaoni. Nilimsindikiza. Chumbani kulikuwa na feni, meza na skrini ukutani. Kwenye skrini walikaa maafisa wa nchi mbili nyingine, na mkalimani aliyevaa koti kubwa kama la kurithi. Afande wetu, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi, akaeleza: kuna mzee ng'ambo, mgane, fundi mitambo mstaafu aliyewahi kufanya kazi huku akajifunza Kiswahili. Amekuwa akimtumia pesa mchumba wake. Na mchumba ana uso wa Shangazi.

"Mimi mchumba, afande? Na magoti haya?"

"Mama, si mzaha. Wenzetu wamevamia nyumba moja, wamekamata vijana na simu zao. Tunataka kujua kama wewe ni mwenzao. Ukiwa mwenzao, leo hurudi nyumbani."

Mzaha ukamkauka mdomoni. Akanishika kiwiko, akakibana.

Afande akaanza kusoma ujumbe. "'Asali wangu...'"

"Nani?"

"Asali. 'Asali wangu, nimeketi mbele ya mashine yangu ya kushona. Ninakukosa sana. Ninakukosa kila siku.'"

Shangazi akakunja uso. "Namkosa kila siku? Kwani namtupia mawe?"

Afande alijitahidi, masikini. Akajiziba uso kwa karatasi, lakini mabega yakamsaliti. Wale wa kwenye skrini wakauliza kinachochekesha ni nini. Mkalimani akawaambia: haya ni maneno ya lugha nyingine yaliyogeuzwa na kompyuta, neno kwa neno. Mtu wa huku angeandika kwamba amemkumbuka mpenzi wake. Kukosa ni kwa mwenye manati.

Afisa mmoja akaacha kutabasamu. Akaomba atajiwe neno lile herufi kwa herufi, akalitafuta kwenye simu zilizokamatwa. Feni ikazunguka. Shangazi akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Shangazi, kunyamaza! Hapo ndipo mimi nikaogopa.

Likapatikana. Kwenye simu ya kijana mmoja asiyejua hata salamu ya Kiswahili kulikuwa na barua zote, lugha yake juu, yetu chini. Picha ya Shangazi ilikuwemo, pamoja na za msusi, muuguzi na mwalimu wa chekechea, zote zimechotwa mtandaoni, na kila mmoja eti anamkosa mzee wake.

Afande akafunga faili. "Mama, wewe ni shahidi, si mshukiwa. Nenda nyumbani."

"Na yule mzee?"

"Ameshaambiwa. Alikuwa amepaka nyumba rangi, anakungoja."

"Masikini. Mwambieni picha ni ya kweli, ila mwenyewe ana mume, tena anakoroma."

Nje, Shangazi aliketi kwenye ngazi akacheka hadi machozi, kisha machozi yakaja bila kicheko, kisha akadai soda. Nikaikimbilia.

Jumamosi afande alikuja kwenye kibanda cha Shangazi cha kushonea, nguo za kiraia, suruali ya sare ndani ya mfuko. Shangazi alimkumbatia kama ndugu aliyepotea, akampa kiti kizuri, akamsifia viatu. Afande akaona mambo yamenyooka, akauliza kama polisi wanapunguziwa bei.

Kupunguza suruali ni mia tatu, kwa polisi na kwa raia.