Kufuli Langu na Kwaya ya Makindu

Kabla hamjanicheka, wacha nianze kujicheka mwenyewe, maana aibu niliyoipata Matinyani mbele ya kwaya tisa na waumini wote siwezi kuificha hata nikitaka. Nikipita sokoni kuna mama wa nyanya ambaye bado huniuliza, "Kijana wa kompyuta, leo umefungia nani nje?" na mimi hununua nyanya ambazo sizihitaji, nikaenda zangu.

Naitwa Kyalo. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe, kwanza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, baadaye kwa laptopu ya mitumba, na kama wengi tuliojifundisha wenyewe nina ugonjwa mmoja: naogopa kwamba siku moja mtu aliyesoma chuo ataiangalia kazi yangu na kucheka. Kwa hiyo kila kitu nakipiga msasa mara kumi (mama husema hata shuka nazikunja kama mtu anayengoja kukaguliwa). Basi Mwalimu Ndunge, ambaye ndiye katibu wa mashindano ya kwaya ya makanisa yetu, aliponiomba niweke orodha ya kwaya kwenye simu za watu badala ya ile karatasi ya mlangoni inayofanya watu wakanyagane, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mpango ulikuwa rahisi. Orodha inakaa kwenye laptopu yangu kando ya jukwaa, watu wanaisoma kwa simu zao kupitia waifai ya kanisa, projekta inaionyesha ukutani, na mtu mmoja tu, Mwalimu Ndunge, ndiye anayeweza kuibadilisha kwa tableti yake. Na hapo ndipo nilipopata nafasi ya kutumia kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Ndani ya programu kama hiyo kuna vibarua wengi wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, tunawaita nyuzi, na kila simu inayoomba orodha inapewa uzi wake. Sasa uzi mmoja ukiwa unabadilisha orodha wakati mwingine unaisoma, msomaji anaweza kuona nusu ya zamani na nusu ya mpya, kwaya moja imeandikwa mara mbili na nyingine haipo kabisa. Dawa yake ni kufuli la kusoma na kuandika: wasomaji wanaruhusiwa kuingia pamoja hata wakiwa mia, kwa sababu kusoma hakumsumbui mtu, lakini mwandishi huingia peke yake, wasomaji wote wakishatoka. Siku nilipolielewa mara ya kwanza niliacha laptopu mezani nikatoka nje nikazunguka boma lote, kwa furaha tu. Kufuli lenye heshima kiasi hicho!

Uamuzi wangu mdogo ulioharibu kila kitu ni huu. Msomaji angeweza kunakili orodha na kuliachilia kufuli papo hapo, lakini mimi, kwa kutaka ukamilifu, niliamua alishike mpaka ukurasa wote ufike kwenye simu na simu ijibu kwamba umefika. Nyumbani nilijaribu kwa simu mbili, yangu na ya dada yangu, na mambo yakawa matamu kama asali. Halafu nikaongeza dhambi ya pili: Mwalimu akibonyeza, tableti imwandikie "Imehifadhiwa" kwa rangi ya kijani papo hapo, hata kabla orodha haijabadilika, kwa sababu sikupenda kile kiduara kinachozunguka. Niliona kinanifanya nionekane sijui kazi.

Jumamosi ikafika, hema lililopigwa mbele ya ukuta wa kanisa likajaa, na kila mtu alikuwa na simu mkononi. Kwaya ya Makindu ilikuwa ya nne. Kwaya ya kwanza ikiwa jukwaani, kiongozi wao, mama mmoja aitwaye Kasiva, akampigia Mwalimu Ndunge kwamba tairi la basi lao limepasuka karibu na Mutomo.

"Vai thina," Mwalimu akamwambia, hakuna shida. "Nawaweka mwisho. Msikimbize gari."

Akabonyeza, kijani ikatokea, akaninyooshea kidole gumba, akaenda jikoni kuangalia chai ya waamuzi. Mimi nilijiona nimerefuka.

Lakini ukutani Makindu walibaki wa nne. Waifai ilikuwa imelemewa, kila ukurasa unachukua muda kufika, na kabla msomaji mmoja hajatoka wengine watano wameshaingia, kwa hiyo chumba cha orodha hakikuwa kitupu hata kwa sekunde moja, na badiliko la Mwalimu lilikuwa limesimama mlangoni likingoja. Nililiona jambo hilo. Hii ndiyo sehemu inayoniuma: nililiona, nikakaa kimya, nikajiambia litapita sasa hivi.

Shemasi Musyoka, aliyekuwa emsii, akatazama ukuta akaita, "Makindu!" Kanuni yetu ni kwamba kwaya ikiitwa mara tatu isitokee, imefutwa mpaka mwaka ujao. Akaita mara ya pili. Mimi nikafungua orodha kwenye simu yangu mwenyewe nikaiweka ijisome upya bila kukoma, ombi jipya likitoka kabla la kwanza halijajibiwa, nione badiliko likipita. Akaita mara ya tatu. Mwamuzi mkuu akapiga mstari kwenye karatasi yake, na minong'ono iliposambaa kwamba Makindu wamefutwa, hema zima likafungua simu kuhakikisha. Yaani wasomaji wakawa wengi maradufu.

Kwaya mbili baadaye Makindu wakaingia, sare zao za manjano zimegeuka rangi ya vumbi, Kasiva mbele akitabasamu na kuvuma noti ya kwanza ili wenzake wasiipoteze.

"Pole, mama," Shemasi akamwambia. "Mliitwa mara tatu."

"Tukiwa wapi? Mwalimu alisema sisi ni wa mwisho!"

Mwalimu Ndunge akatoka jikoni na birika mkononi. "Ni kweli. Niliwabadilisha mapema, na ikaandika imehifadhiwa."

Mwamuzi mkuu akaonyesha ukuta. "Mwalimu, hapo ni wa nne. Sote tunaona."

Na kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikasema, "Kumbe katibu ana kwaya zake!"

Mwalimu Ndunge ameshika ukatibu huo miaka mingi na sijawahi kusikia mtu akilitilia shaka neno lake. Aliweka birika chini polepole. Uso wake ndio ulionisimamisha.

"Si Mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Kuna nyuzi, yaani, kufuli limeshikwa na wasomaji, sasa mwandishi..."

"Nyuzi gani? Za kushona?" mtu akauliza.

"Amelifungia kanisa kufuli!" mwingine akadakia, na hema likapasuka kwa kicheko. Mimi nikaendelea kueleza, nikazama zaidi, mpaka Mwalimu akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Kyalo, hayo ya chuoni tuachie. Neno langu liko wapi sasa hivi?"

"Liko mlangoni, Mwalimu. Linangoja walio ndani watoke."

"Na wanaokuja sasa?"

"Wanaingia tu."

"Wanalipita?"

"Wanalipita."

"Aiya!" akasema. "Wewe hujawahi kuteka maji mtoni? Kwenye kisima kinachochimbwa mchangani mto ukikauka tunateka watu wengi pamoja, hakuna ubaya. Lakini akija mwenye sepetu akasema maji yamezama, anataka kukichimba, walio na kibuyu ndani wanamaliza, na anayekuja anaweka mtungi chini nyuma yake. Hakuna kumpita mwenye sepetu. Ukimpita atasimama hapo mpaka Krismasi, na wote mtakunywa matope."

Wamama wakaitikia kwa mguno. Kasoro hiyo nilikuwa nimesoma kuihusu kurasa nyingi bila kuiona kwenye kazi yangu, na mwalimu wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kuandika programu hata moja, aliiona kwa maswali matatu tu, huku mtu akiwa ametoka kulichafua jina lake.

Akachukua maikrofoni. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Kila mtu aweke mtungi chini. Simu mfukoni, na usiiguse mpaka niseme."

Nikatazama laptopu yangu. Wasomaji walipungua, arobaini, kumi na mmoja, wanne, mmoja. Kisha ikaganda kwa huyo mmoja.

"Bado kuna mtu anasoma," nikasema.

Shemasi akaonyesha mikono mitupu. Watu wakaanza kukaguana. Mwalimu Ndunge akanitazama tu, kisha akaitazama mifuko yangu ya suruali, taa ya simu ikiwa inawaka ndani ya kitambaa.

"Kyalo. Na yako?"

Sitaki kueleza kicheko hicho. Niliizima, na ukutani Makindu wakaondoka nafasi ya nne wakashuka hadi ya tisa, na kando yao yakatokea maandishi madogo ya saa ambayo Mwalimu alibonyeza: mapema kabisa, kabla hawajaitwa hata mara moja. Mwamuzi mkuu alisogea mpaka karibu na ukuta akasoma, akaisoma tena, kisha akarudi mezani akaufuta mstari wake.

"Katibu, tuwie radhi," akasema kwa maikrofoni. "Makindu wataimba mwisho."

Na waliimba! Sijui walizitoa wapi sauti hizo baada ya tairi na vumbi lote lile, lakini ubeti wa pili ulipoanza hata wapishi walikuwa wamesimama mlangoni. Walitoka wa tatu. Kasiva alinishika mkono akasema, "Mwanangu, tairi na wewe, vyote siku moja," na alikuwa anacheka.

Wiki hiyo niliirekebisha programu: mwandishi akishafika, wasomaji wapya wanapanga foleni nyuma yake, msomaji ananakili na kutoka, na kijani haitokei mpaka neno limeandikwa kweli. Kufuli lenyewe, naomba lieleweke, halikuwa na kosa. Bado nalistahi.

Kosa lililobaki ni langu, na hilo halirekebishwi kwa kuandika upya mistari kumi. Shemasi aliita mara tatu, na mara zote tatu nilijua. Nilimwacha mwanamke mwaminifu aitwe mwenye upendeleo ili mimi nisionekane nimekosea. Basi nimeapa: nikiona kitu changu kimekwama mbele za watu, nitasimama mara ya kwanza, hata kama sina maelezo, hata kama wataniuliza nyuzi gani.