Meza Iliyomwangukia Mzee Kibona

Jua limeshapanda juu ya mibuni ya shamba la kahawa la Hasamba, na Mzee Anyelwisye Kibona amepiga magoti mbele ya mashine kama mtu anayesali. Injini ya mafuta imezimwa, mkanda umevuliwa. Spana ameishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa cheupe, na ndani yake vidole vimebaki vitatu.

Mashine hiyo moja hupasua, huranda na kutoboa mbao. Juu ina meza ya chuma, nzito kama gunia la mahindi. Fundi akitaka kupunguza unene wa ubao, huinyanyua meza kama kifuniko cha sanduku, kisha akaupitisha ubao chini yake. Springi nene ya ubavuni ndiyo humsaidia kunyanyua.

"Ukiikaza mno, meza inakurukia kidevuni," anasema. "Ukiilegeza, inakuangukia. Inatakiwa isimame pale ulipoiachia."

Anakaza nati ya springi robo mzunguko. Anainyanyua meza, anaiachia. Inashuka polepole.

"Bado, baba," anasema Luka, mwenzake wa karakana, aliyekalia rundo la mbao. "Hiyo bado ina njaa ya vidole."

"Basi njoo uilishe vyako. Unavyo kumi, na kazi hufanyi."

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Wiki tano zilizopita, mwaka huu wa 1953, Tabita, mke wa mwanawe Efraimu, alimletea ugali na maharage. Kwa desturi yao Wandali, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hapiti mbele yake. Kila siku aliweka chakula juu ya kisiki nje, akakohoa, akaenda zake. Siku hiyo mvua ilinyesha, akaona chakula kitalowa. Akaingia mlangoni, akidhani yumo Luka peke yake.

Mzee alikuwa peke yake, ameishikilia meza juu. Alipomwona mkwewe akafanya kama alivyolelewa: akageuza uso upesi. Mkono ukalegea. Meza ikashuka.

Tabita akampa mgongo, kanga usoni, analia, hathubutu kusogea. Kisha akakimbia mvuani kumtafuta Luka kwenye banda la kumenyea kahawa. Muda wote huo mkono ulikuwa chini ya chuma.

"Mchungaji anasema hayo ni mambo ya kale," anasema Mzee Kibona. "Lakini mwili wangu haukuyasikia mahubiri."

Kesho yake Tabita alifunga mzigo akarudi kwao Ikinga. Efraimu yuko kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma. Barua yake ya mwisho ilikuja mwaka jana. Wazazi wa Tabita wametuma neno: binti yetu amewaletea mkosi, hawezi kurudi.

"Hata kuku wake hawajui pa kulala," husema Nesta, mke wa mzee, kila jioni nyumbani.

Mzee anairudia nati.

"Hii ilikuwa imelegea tangu Krismasi," anasema. "Niliiona. Nikasema nitaikaza kesho, trei za kuanikia kahawa zinasubiriwa. Springi ingekuwa imekazwa, ingeishika meza hata kama ningegeuka kumtazama malaika."

Luka anaacha kuchezea kipande cha ubao. "Hilo hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Anayepaswa kulisikia, mwiko kusema naye."

Anakaza tena, kidogo sana. Anainyanyua meza hadi katikati, anaondoa mkono. Meza inasimama. Wote wawili wanaitazama, na hakuna anayefurahi.

Ameomba siku sita kwa msimamizi wa shamba. Amepewa, bila mshahara. Jumamosi yeye na Nesta wataanza safari ya Ikinga, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Hataingia ndani. Nesta ataketi na Tabita jikoni. Yeye atakaa nje, nyuma ya ukuta, na kuuambia ukuta.

"Nitasema: mwanangu, nati ni yangu. Wewe ulileta chakula tu."

"Na asipojibu?" anauliza Luka.

"Hatajibu, mwiko," anasema mzee. "Nitasikiliza kama anafunga mzigo wa kurudi kwetu."