Trei ya Nne

Pale maabara ya mbegu jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu. Wote walimwita Bibi Mia Nne, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe alijitakia. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa ile ile: kuhesabu mbegu mia nne kutoka kwenye shehena iliyoletwa, kuzigawa katika trei nne, mia mia, kuzilaza juu ya karatasi zenye unyevu, kusubiri siku saba, kisha kuhesabu zilizoota. Kwa hizo mia nne alitakiwa kusema neno la kweli juu ya mamilioni ambayo hakuyaona wala hatayaona. Watu wengi wangetia chumvi. Yeye hakuthubutu.

Hakuwahi kuandika "tisini na mbili" akaishia hapo. Chini yake aliongeza: "Yawezekana ni themanini na tisa, yawezekana ni tisini na tano." Mkuu wa maabara, mtu aliyependa muhuri wake kuliko chai, alikuwa anakereka.

"Sasa mama, ni ngapi hasa?"

"Mkuu, mbegu mia nne ndivyo zinavyoniambia. Ukitaka nibane zaidi, niongezee mbegu."

Alikuwa na mazoea mengine mawili. Kabla ya kufunua trei, aliandika kwenye karatasi kiwango cha kufaulu na kuibandika ukutani, kwa sababu, alisema, akishaona jibu moyo wake unaweza kuuhamisha mstari bila hata kumpa taarifa. La pili lilikuwa daftari. Kila alipopima, alianza na dhana moja: trei zote nne zimetoka chungu kimoja, na tofauti kati yazo ni nasibu tu. Kisha alitia nukta kuonyesha trei bora imeipita trei mbovu kwa mbegu ngapi. Kwa shehena za kiwango cha tisini hivi, nukta zilirundikana kwenye tano, sita, saba, zikapungua kwenye kumi, na baada ya kumi na mbili ungeweza kuzihesabu kwa vidole.

"Nasibu ina tabia zake," alipenda kusema. "Na mimi nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mume wangu."

Basi mwaka huo wifi yake, dada wa huyo mume, akaleta mahindi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulima mbegu za kuuza. Magunia sitini yalipangwa kwenye ghala la maabara, mbali na debe moja alilojitengea la kupanda mwenyewe. Zikiota tisini kwa mia, angeandikishwa kuwa mzalishaji wa mbegu. Zikipungua, msimu wake mzima ungeishia kuwa chakula cha kuku, na jina lake lisingeandikwa kabisa.

Mzee wa ghala alichoma kila gunia kwa bambo lake, kile kibomba chenye ncha kinachochota mbegu kutoka katikati ya gunia, akianzia safu ya ukutani. Alizimimina zote kwenye kopo moja, gunia juu ya gunia. Utaratibu ni kulimimina kopo hilo mara tatu ili mbegu zichanganyike. Lakini wifi alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, akichungulia kila dakika. "Wifi, bado tu?" Bibi Mia Nne akaharakisha. Alihesabu moja kwa moja kutoka kwenye kopo, juu hadi chini, na kujidanganya kwamba mzee atakuwa ameshachanganya.

Siku ya saba wifi alifika kabla mlango haujafunguliwa. Karatasi ilikuwa ukutani: tisini. Trei ya kwanza, tisini na nne. Ya pili, tisini na tano. Ya tatu, tisini na tatu. Ya nne, sabini na nane.

Mkuu alijumlisha harakaharaka. "Mia tatu na sitini. Wastani ni tisini kamili!" Wifi akapiga kigelegele mpaka mzee wa ghala akaja kuona nani kaolewa. Muhuri ulikuwa tayari umelowa wino.

Bibi Mia Nne hakusogea. Alikuwa anaitazama trei ya nne, maana alijua.

"Usipige muhuri, mkuu."

"Kwani tisini si tisini?"

"Pengo ni kumi na saba. Nasibu hainifanyii hivi. Hizi si mbegu za chungu kimoja. Na kosa ni langu. Sikuchanganya. Trei ya nne imetoka chini ya kopo, na chini ya kopo ni safu ya ukutani."

Mkuu alishusha miwani. "Ungechanganya, zingepita?"

"Zingepita. Ule ubovu ungesambaa kwenye trei zote, nisingeuona."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba sasa nimeuona."

Wifi alisimama. Uso ulikuwa umemshuka. "Mimi, wifi? Unanifanyia hivi mimi? Ulipokuja kwetu huna hata sufuria, nani alikupikia?"

"Ni wewe," alisema Bibi Mia Nne. "Lakini atakayenunua magunia ya ukutani naye ana watoto. Nipe siku saba nyingine."

Ghalani walikuta mfereji wa paa umepasuka, na ukuta una unyevu mpaka usawa wa kiuno. Magunia kumi na mawili yalikuwa yameuegemea. Alipima sampuli mbili mbali mbali, kila moja mbegu zake mia nne, kila moja ikimiminwa mara tatu. Siku saba hizo zilikuwa ndefu. Nyumbani mume alijikuta katikati ya dada na mke, akaamua kupenda sana kukarabati baiskeli nje. Wifi hakupita hata kusalimia. Bibi Mia Nne aliumia, na hakumficha mtu kwamba anaumia, ila daftari hakulifumbia macho.

Magunia arobaini na manane yaliota tisini na tano, tisini na nne, tisini na tatu, tisini na sita. Ya ukutani hayakuvuka sabini na sita kwenye trei yoyote. Aliandika ripoti: arobaini na manane yapite, wifi aandikishwe, kumi na mawili yaende kwa kuku. Na mwishoni, ingawa mkuu alimwambia si lazima, aliandika kosa lake la kutochanganya, akatia sahihi kwa jina lake la kuzaliwa. Wengine pale ofisini hawakujua kama analo.

Siku ya muhuri wifi hakuja. Alikuja siku mbili baadaye, asubuhi, debe kichwani. Alilishusha mezani bila salamu.

"Haya ni yale niliyojitengea. Ya kupanda mwenyewe. Niliyachota kwenye gunia la ukutani, wifi. Lilikuwa karibu na mlango. Ningeyapanda shamba zima."

Bibi Mia Nne aliweka kopo mezani.

"Nipimie," alisema wifi, akavuta benchi, akaketi. "Wala sina haraka. Leo changanya."

Akamimina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, wifi yake akihesabu naye kwa sauti.