Si Kila Damu Ni ya Kichocho

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia figo mbili na akajaalia mtu aweze kuishi kwa moja. Yeye ndiye mponyaji. Sisi tuliovaa makoti meupe tulikuwa watumishi tu.

Nilizaliwa Kipini, na kazi ya utabibu niliianzia Garsen. Asubuhi ya kwanza, Tabibu Mkuu wa kituo alinikaribisha hivi: "Kijana, hapa wanaoingia mashamba ya mpunga hukojoa damu. Ni kichocho, vijidudu vya majini. Lakini usimpe mtu vidonge kabla hujampapasa mbavu." Wasia huo nilikwenda nao Chewele nilipohamishwa, na nikarudi nao Garsen.

Hapo ndipo aliponijia Jillo, mkulima wa Kulesa aliyekuwa karibu kuoa, pamoja na mamake. Alikuwa akikojoa damu tangu mavuno, bila maumivu. Wenzake, waliozoea kuiona damu hiyo kama dalili ya utu uzima, walimcheka: "Karibu ukubwani!" Damu ilipokatika alijiona amepona; iliporudi alinunua vidonge vya kichocho dukani. Nilipompapasa chini ya mbavu za kushoto, nikagusa kitu kigumu kama ngumi. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye figo. Daktari Mpasuaji, huko Mombasa, akasema ni saratani, na figo hiyo itolewe.

"Mwanangu atalimaje na figo moja?" mama akaniuliza.

Jillo akadakia, "Mama, hata gari la taa moja hufika Garsen."

"Na polisi hulikamata."

Tulicheka sote watatu, nami moyoni nikiomba.

Upasuaji ulikwenda salama. Vijana mnaosoma haya, nataka mlielewe hili: uvimbe ukikutwa bado umo ndani ya figo, wengi hutolewa figo, au kipande chake tu, wakaishi miaka mingi. Wa Jillo ulikuwa umeanza kuingia kwenye mshipa wa damu. Kwa hiyo Mpasuaji alimwagiza awe anarudi kupigwa picha, hata akijiona mzima. Alioa, akarudi shambani, akapata mtoto. Kupigwa picha alikwenda mara mbili. Kisha mafuriko yakakata barabara, na maji yalipopungua hakuona haja ya safari.

"Daktari, mgonjwa gani anabeba gunia la mpunga?" aliniuliza nilipomkumbusha.

Aliporudi kwangu alikuwa akikohoa. Saratani ilikuwa imefika mapafuni.

"Usinizungushe, daktari."

Nikamwambia. Akasema, "Nguvu zangu zilinidanganya." Nilimshika mkono. Alizikwa Kulesa, mtoto wake akiwa bado anatambaa.

Nilikwisha kustaafu siku mamake Jillo alipopiga hodi kwangu, amemshika mkono binti yake wa mwisho.

"Ameona damu," akasema. "Sijamnunulia kitu. Twende kituoni, sasa hivi."

Tukaenda. Picha ya figo ilikuwa safi. Kwenye mkojo yakaonekana mayai ya kichocho.

"Ni kichocho, mama," nikamwambia. "Kinatibika."

Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti.

Binti akashangaa. "Mama, si amesema nitapona?"

"Amesema, mwanangu. Niache kidogo."

Ewe unayesoma, Mola akupe afya na akuzidishie subira. Akikujaalia kupona, akujaalie pia kuulinda uponyaji wako. Na awafariji wote waliozika vijana wao. Amina.